Mduara wa Tanga, Malindi, Voi na Moshi: siku saba kwa pikipiki ya CC 150

Siku 30 kabla

Safari hii ni mduara. Inaanzia Tanga mjini, inaingia Kenya kwa Horohoro, inapanda na pwani hadi Malindi, inakata bara kwenda Voi, inarudi Tanzania kwa Taveta na Holili, kisha Moshi, Same, Korogwe na nyumbani. Jumla ni kama kilomita 1,030, na njia kuu yote ni lami. Boxer au TVS ya CC 150 iliyotunzwa inaimudu, maana hakuna siku inayozidi kilomita 230. Wanaokwama hukwama kwa makaratasi yasiyosomana au kwa mzigo uliofungwa vibaya. Kwa hiyo mwezi wa kwanza hatushiki spana, tunashika faili.

Anza na kadi ya pikipiki. Pikipiki nyingi Tanga zimeuzwa mara mbili tatu na kadi bado ina jina la mwenye mwanzo. Ndani ya nchi unaweza kuishi nayo hivyo miaka, lakini mpakani ofisa wa forodha anaweka pasipoti na kadi pamoja, anasoma jina hapa, anasoma jina pale. Yasipolingana, wewe kwake ni mtu anayetoa mali ya mwingine nje ya nchi. Badilisha umiliki TRA (mamlaka ya mapato) sasa, siyo wiki ya mwisho. Kama pikipiki ni ya ndugu, pata barua ya idhini iliyoshuhudiwa na wakili, yenye namba ya usajili, namba ya chesisi, namba ya injini na tarehe za kutoka na kurudi, na uiambatanishe na nakala ya kitambulisho chake. Kama ni ya mkopo na kadi halisi iko kwa mkopeshaji, idhini itoke kwake.

Mengine ya kwenye faili: pasipoti, leseni ya udereva yenye daraja la pikipiki, bima ya ndani, na kadi mbili za njano. Hapa watu huchanganya sana. Kadi ya njano ya kwanza ni ya chanjo ya homa ya manjano. Cheti chake huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo ukichanja siku mbili kabla ya kuondoka hujafanya kitu. Ukishachanjwa, cheti ni cha maisha. Kadi ya njano ya pili ni ya bima, ile ya COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika. Tanzania si mwanachama wa COMESA lakini imo kwenye mpango huo wa bima, na kadi hutolewa kupitia kampuni ya bima iliyokukatia ya kawaida. Inabeba dhima yako kwa watu utakaowaumiza au kuwaharibia mali nje ya nchi. Pikipiki yako ikiibwa au ikipondeka, haikulipi. Ukiulizwa "kadi ya njano" dirishani, tazama kwanza nani anauliza: wa afya au wa forodha.

Toa nakala tatu za kila karatasi. Seti moja ikae chini ya kiti, moja kwenye begi la mgongoni, moja ibaki Tanga kwa mtu atakayepokea simu yako hata saa nane usiku.

Na tarehe? Masika, kuanzia Machi hadi Mei, iache. Januari na Februari ni kukavu na jua kali. Julai hadi Septemba ndiyo bora: kusi linavuma, hewa ina baridi kidogo, na kwa njia hii upepo unakusukuma mgongoni toka Tanga hadi Malindi. Utaulipa baadaye, kwenye nyika za Same.

Siku 10 kabla

Sasa spana. Badilisha oili leo, 20W-50, siyo asubuhi ya kuondoka. Sababu ni boliti ya kumwagia oili. Ikiwa fundi ameikaza ikiwa imekaa upande au amerudishia washa (pete ya kuzibia) iliyochoka, itaanza kutoa jasho baada ya kilomita mia, na mia hizo ni afadhali uzimalize kati ya Tanga na Muheza kuliko mbele ya Mariakani.

Tairi za ukubwa huu ni kawaida 2.75-17 mbele na 3.00-17 nyuma. Ya nyuma ikiwa imebaki nusu ya meno, weka mpya na uitembeze barabarani siku hizi kumi ili itoke ule utelezi wa kiwandani. Upepo: mbele psi 25, nyuma 28 ukiwa peke yako na 32 ukiwa na mtu au mzigo. Upime asubuhi tairi likiwa baridi, kwani likishapata moto geji inakudanganya kwa juu.

Gonga spoku moja moja kwa bisibisi. Iliyokaza inalia, iliyolegea inatoa sauti ya mti. Mbili au tatu zilizolegea zikiwa jirani zitavunja ya nne, na hapo rimu inaanza kucheza.

Mnyororo una kosa moja linalorudiwa kila gereji. Fundi anaupima pikipiki ikiwa kwenye stendi ya kati, tupu, anaukaza ukae vizuri. Ukipakia mzigo na kukaa, mkono wa nyuma unaoshika gurudumu unapanda, umbali kati ya spoketi mbili unaongezeka, na mnyororo uliokuwa sawa unakuwa kamba ya gitaa. Unakula beringi ya spoketi ya mbele na wenyewe unakatika. Kwa hiyo funga mzigo wote wa safari, mwambie mtu akae, ndipo pima: katikati ya chini unyanyuke na kushuka kati ya milimita 25 na 30. Zungusha gurudumu na upime sehemu nne. Kama sehemu moja umelegea na nyingine umekaza, mnyororo umekwisha, na haubadilishwi peke yake, unakwenda na spoketi zote mbili.

Vipuri vya kubeba: tyubu mbili, ya mbele na ya nyuma, waya wa klachi, waya wa akseleta, plagi moja, kiungo cha mnyororo, fyuzi mbili, balbu ya taa ya mbele, gundi na viraka, pampu ya mkono, chuma mbili za kubandulia tairi. Waya wa klachi upitishe kabisa sambamba na ule unaotumika na uufunge kwa tepu. Ukikatika mmoja, unachomoa ncha na kuchomeka nyingine kwa dakika kumi. Spana usibebe seti nzima. Fungua gurudumu la nyuma na la mbele nyumbani kwa zile unazokusudia kubeba, na ile ambayo haikutumika iache kabatini.

Mzigo usizidi kilo 20, na kizito kikae mbele ya ekseli ya nyuma, chini, pande zote mbili sawa. Begi zito likining'inia mwisho wa keria linanyanyua mbele, na ukifika 70 usukani unaanza kutikisika. Watu hudhani ni beringi za shingo, wanazibadilisha, inatikisika vilevile. Tumia mikoba ya turubai. Mifuko ya plastiki ya kubebea, ile ambayo watu hufungia nguo zisilowe, ni marufuku Kenya tangu 2017, na kwetu tangu 2019. Petroli ya dumu usibebe. Tangi la Boxer 150 ni lita 11, na kwa wastani wa kilomita 40 kwa lita unatembea zaidi ya 400. Mduara mzima ni lita 26, weka bajeti ya 32.

Siku ya 1: Tanga hadi Ukunda, kama km 145

Saa 12 asubuhi. Amboni, Mabokweni, kisha barabara inanyooka kuelekea Duga Maforoni na Horohoro, kilomita 65 za lami. Jua liko mkono wa kulia, ng'ombe na mbuzi wako kila mahali, na vijijini mwendo ni 50. Kabla ya mpaka simama mahali pa kivuli ufanye jambo moja dogo: chukua kitambaa chenye mafuta ya taa usugue namba ya chesisi kwenye shingo ya usukani na namba ya injini hadi zisomeke. Ofisa atainama kuzilinganisha na kadi. Zikiwa zimefunikwa na grisi ya miaka mitatu, utazisugua mbele yake kwa mate huku foleni inakutazama.

Horohoro na Lunga Lunga ni kituo kimoja cha pamoja. Unatoka Tanzania, lakini shughuli unazimalizia upande wa nchi unayoingia, maofisa wa nchi zote mbili wakiwa jengo moja. Mpangilio ni afya, uhamiaji wa kutoka, uhamiaji wa kuingia, halafu forodha. Mtanzania haombi viza.

Dirisha la forodha ndilo la kutulia. Pikipiki inapewa kibali cha muda, na kibali kilichofunguliwa lazima kifungwe. Wewe hutatokea hapa, kwa hiyo sema kabla hajaanza kuandika: "Afande, naingia hapa na pikipiki, natokea Taveta tarehe 14." Sema vivyo hivyo kwa wa upande wa Tanzania. Kisha usiondoke dirishani. Soma karatasi pale pale, namba ya usajili herufi kwa herufi, tarehe ya mwisho, jina. Tarehe iombe siku tatu zaidi ya mpango wako, kwa ajili ya ubovu au homa. Kuikosoa sasa ni dakika tano, kuikosoa Taveta ni siku nzima.

Fedha badilisha kwenye duka rasmi au benki. Vijana wanaokufuata na mabunda wanahesabu haraka kuliko macho yako.

Ukishavuka, unaendelea kushika kushoto na Kidigo kinasikika kama ulivyokiacha Duga. Tofauti ni matuta: mengi hayana rangi wala kibao, hasa karibu na shule na masoko. Msambweni kuna mafuta na chakula. Lala Ukunda, siyo ufukweni Diani, kama pikipiki haitapata geti linalofungwa.

Kenya kofia ngumu na jaketi la kuakisi mwanga ni lazima kwa dereva na kwa abiria pia. Tanga wengi huvaa kofia moja ya dereva na jaketi halipo. Nunua kabla.

Siku ya 2: Ukunda hadi Malindi, kama km 150

Feri ya Likoni inaamua siku. Waenda kwa miguu hawalipi, pikipiki inalipa. Ukifika kabla ya saa 12 asubuhi au baada ya saa 3 unakwepa msongamano wa wafanyakazi. Lakini kubwa kuliko saa ni maji. Tazama kupwa na kujaa siku moja kabla. Bamvua (maji makubwa ya mwezi) likipwa, feri inakaa chini, na ule mteremko wa zege wa kuingilia unakuwa mkali, nusu yake ya chini imetoka majini sasa hivi, ina ute na mafuta ya magari. Shuka kwa gia ya kwanza, breki ya nyuma tu, miguu yote miwili karibu na ardhi. Ukigusa ya mbele kwenye ute huo, gurudumu linatoka chini yako. Kwenye bamba la chuma la feri usikate kona, pita umenyooka. Ndani simamisha kwa stendi ya pembeni, tia gia ya kwanza, zima, na uishike. Stendi ya kati kwenye chombo kinachoyumba inaangusha.

Kuna barabara ya Dongo Kundu inayotoka kusini hadi Miritini bila feri. Ni nzuri kwa anayekwenda Voi moja kwa moja. Kwa Malindi inakuzungusha bure.

Toka kisiwani kwa daraja la Nyali. Mtwapa na kuendelea ni barabara inayopanuliwa, kwa hiyo tegemea changarawe na lami iliyokatwa kwa kimo. Ukikuta ukingo uliokatwa, panda juu yake kwa pembe pana, kamwe usiufuate sambamba. Daraja la Kilifi, lililofunguliwa 1991, lina upepo wa pembeni wa kutosha kukusogeza nusu mita, shika kushoto ukiwa na nafasi.

Siku ya 3: Malindi

Injini inapumzika. Magofu ya Gede yako kama kilomita 15 kabla ya mji, na tangu 2024 yamo kwenye orodha ya urithi wa dunia. Enda asubuhi.

Jioni, mnyororo. Umepita chumvi ya bahari siku mbili. Dizeli kidogo na mswaki wa zamani, pangusa, kisha oili ya gia namba 90 tone kwa tone upande wa ndani, mnyororo ukiwa bado na uvuguvugu. Uache usiku kucha oili ijipenyeze, asubuhi pangusa inayoning'inia, la sivyo itavuta mchanga na kuwa msasa.

Siku ya 4: Malindi hadi Voi, kama km 230

Ramani itakuonyesha mstari mfupi kupitia hifadhi ya Tsavo Mashariki. Pikipiki haziruhusiwi ndani, hesabu hiyo ifute. Rudi Kilifi hadi Mavueni, pinda kulia kupitia Kaloleni hadi Mariakani. Hii inakukwepesha Mombasa yote na malori ya bandari, na ni njia ya kupendeza, minazi na vilima.

Mariakani mambo yanabadilika. Hii ndiyo barabara ya Nairobi, na malori yake yanakwenda kwa makundi. Lori linapokuja mbele yako, hewa inakupiga kifuani mara mbili: kwanza inakusukuma, kisha mkia unakuvuta kuelekea katikati. Lala kidogo juu ya tangi, mikono ilegee, usibane usukani. Lori likikujia na jingine limechomoka kulipita, hilo la pili halitarudi nyuma kwa ajili yako, kwa hiyo punguza mapema na uwe na njia ya kutokea begani mwa barabara. Usifuate lori kwa karibu ili likukinge upepo. Vipande vya tairi lililopasuka huwa vinalala chini yake na hutaviona.

Pumzika msikiti wa Mackinnon Road, ambako kuna maji na kivuli na madereva wengi husimama kuswali. Kisha Maungu na Voi. Uwe ndani saa 10 jioni.

Siku ya 5: Voi hadi Moshi, kama km 155

Jaza tangi Voi au Mwatate. Baada ya Bura barabara inapita nyika ya Tsavo Magharibi hadi karibu na Taveta. Ni barabara ya umma, pikipiki inaruhusiwa, lakini tembo wanaivuka kama yao, nayo ni yao. Pita kati ya saa 3 asubuhi na saa 9 alasiri. Ukiwaona, simama mita 100 nyuma, usizime injini, usipige honi, subiri wa mwisho. Na wa mwisho mara nyingi ana mtoto aliyebaki kichakani upande wako.

Hapa pia ndipo miiba ya migunga. Ikipata pancha ya nyuma, tafuta mahali wazi unapoona mbali pande zote, shusha mzigo, stendi ya kati. Weka alama ya msumari kwenye virekebishi vya mnyororo pande zote mbili ili urudishe palepale. Legeza nati ya fimbo ya breki, fungua ekseli, sukuma gurudumu mbele, toa mnyororo kwenye spoketi, chomoa. Bushi ndogo zitaanguka: ziweke kwenye kofia, ya kushoto kushoto, ya kulia kulia. Kanyaga tairi upande ulio mkabala na nozo (pua ya kujazia upepo) hadi lizame katikati ya rimu, ndipo chuma zifanye kazi bila kutumia nguvu. Tyubu ikitoka, tafuta tundu, kisha ulinganishe na tairi kujua mwiba uko wapi. Wengi huweka tyubu mpya juu ya mwiba uleule. Papasa kwa kitambaa, siyo kidole kitupu. Tyubu mpya ipe pumzi chache kwanza ipate umbo, isijikunje. Malizia kurudishia tairi upande wa nozo, sukuma nozo ndani na kuiachia mara mbili, hapo unajua tyubu haijabanwa. Kabla ya kupanda, kanyaga breki mara tatu. Fimbo iliyosahauliwa haikuonyi.

Mpakani shughuli zinamalizikia Holili. Toa karatasi ya Lunga Lunga mwenyewe, usisubiri kuombwa, na hakikisha imefungwa pande zote mbili. Kibali cha kutoka Tanzania nacho kinafungwa hapa. Piga picha ya kila muhuri. Himo, Moshi, umefika.

Siku ya 6: Moshi hadi Mombo, kama km 215

Jua usoni asubuhi, na kusi usoni pia toka Mwanga hadi Hedaru. Ulaji wa mafuta utapanda, ni kawaida, usianze kufungua kabureta. Teremka gia moja kuliko kulazimisha ya juu ikiwa injini inakoroma. Vijiji vimefuatana kando ya Upare, vibao vya 50 ni vingi na tochi za polisi ni nyingi vilevile. Tairi la mbele lipime Same.

Siku ya 7: Mombo hadi Tanga, kama km 135

Korogwe, Segera, Hale, Muheza. Segera pinda kushoto ukiwa na subira, mabasi hayana.

Ukifika, osha pikipiki kwa maji baridi yasiyo na msukumo mkali, hasa chini ya madigadi na kwenye vichwa vya spoku, maana chumvi ya Likoni bado ipo. Mwaga oili ikiwa moto na uipitishe kwenye kitambaa cheupe: unga wa kijivu kidogo ni sawa, vipande vinavyong'aa vinavyoshikika ni kazi ya fundi. Pima mnyororo tena ukiwa na mzigo uleule na uandike tofauti kwenye ukurasa wa mwisho wa faili, pamoja na lita zilizoingia kila kituo.